Mechi Iliyokaa Gotini

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, saa kumi alasiri, doña Eneida Puello alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake akimenya ndizi mbichi za chakula cha jioni, na goti lake la kushoto likaanza kutangaza mechi ya besiboli.

Alikuwa amelikunja kidogo ili bakuli lisiteleze. Kwanza alisikia kelele za watu wengi kwa mbali, kama mvua inayokuja juu ya mashamba ya miwa, na kwa kuwa goti hilo lilikuwa likimtabiria mvua kwa miaka kumi na tano, akataka kuinuka akaanue nguo. Goti halikunyooka. Akakaa tena, akaokota ndizi nyingine, na kipaza sauti cha uwanjani kikaanza kuwataja wapigaji wa timu ya mji, Yangeyange wa Boca Mansa, msimu wa mwaka wa tisini na moja, mmoja baada ya mwingine.

Nurys, jirani mwenye duka la pembeni, alichungulia juu ya ua.

"Nani anarusha leo?"

"Yule wa mkono wa kushoto. Mwenye mdomo wazi."

"Aa, basi hii tunashinda," Nurys akasema, akaenda kuleta kiti.

Walishinda, tano kwa mbili. Mpigaji wa mwisho wa wageni alipotolewa goti likanyamaza, likanyooka, na doña Eneida akaenda kuchemsha ndizi zake.

Kliniki, daktari aliweka kipimo chake juu ya goti, akasikiliza zamu nzima mpaka wapigaji watatu walipotoka, akauliza ni mwaka gani, kisha akaandika dawa ya kuchua na kumshauri apunguze chumvi. Kufikia Krismasi majirani walikuwa wanakuja kila alasiri na viti vyao vya plastiki. Timu yenyewe ilikuwa imekufa mwaka wa tisini na nane, kiwanda cha sukari kilipofungwa, na uwanjani sasa walifugwa mbuzi. Goti la doña Eneida ndilo lililobaki.

Halikuwa kama redio. Lilitoa yale ambayo masikio ya doña Eneida mwenyewe yalikusanya kwa misimu arobaini na mmoja kwenye kiti kimoja, safu ya tatu, nyuma ya kituo cha tatu: maganda ya karanga yakipasuka, kikohozi cha marehemu mumewe, mpira ukiingia kwenye glovu, wachezaji wakitukanana chini chini. Na juu ya yote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu zaidi na masikio yake, ilisikika sauti yake mwenyewe. Enzi hizo mji mzima ulimwita Tarumbeta. Uwanja ukiwa umepoa, yeye alianzisha neno, na watu elfu nane wakalipokea.

Alijifunza namna ya kulitumia. Mguu ukikaribia kunyooka, zilitoka mechi za miaka ya mwisho. Ukikunjwa kama wa mtu aliyekaa kitini, zilitoka za miaka ya themanini. Kadiri kisigino kilivyokaribia paja ndivyo miaka ilivyorudi nyuma. Na mechi ikishaanza ilikwenda mpaka zamu ya tisa. Goti halikukubali kunyooka kabla ya hapo, hata nyumba ingeungua.

Mahali pamoja hakuwahi kupafikia. Usiku alilala na mto chini ya paja ili mguu usijikunje wenyewe. Watu walipoomba fainali ya mwaka wa sabini na tisa, alisema goti lina baridi yabisi.

"Baridi yabisi gani hiyo yenye kalenda?" aliuliza don Tancredo, kinyozi mstaafu, ambaye kiti chake kilikuwa cha kwanza kufika kila siku. "Kwenye mazishi ya jirani yetu Chicho si ulipiga magoti kama msichana?"

"Nilipiga la kulia."

"Doña, tuko watu wazima. Sema tu kwamba unamficha Anselmo Yan wako ili umsikilize peke yako."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Anselmo Yan alilinda kituo cha tatu msimu mmoja tu, huo wa sabini na tisa, na Boca Mansa ilikuwa bado haijapata mwingine kama yeye. Alidaka mipira ambayo wengine wangeisindikiza kwa macho. Picha yake ilining'inia kwa kinyozi mpaka karatasi ikawa ya njano. Kwa miaka thelathini na minne doña Eneida alisimulia kwamba yule alikuwa kama mwanawe, na kwamba katika fainali aligeukia jukwaa, akamtazama yeye tu, akamwambia asante. Baada ya mechi hiyo hakuonekana tena. Timu ilisema ameumia bega. Mji ulikubali kwamba ameumia bega.

Mwezi wa pili, siku ya Jumatatu, alikuja mwanamke mmoja na binti yake mwenye sare ya shule. Mwanamke alikuwa na bahasha ya plastiki kifuani, ameishika kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa.

"Shikamoo, doña. Naitwa Odalina Yan. Nimetoka Palma Sola, kwenye kambi ya wakata miwa. Huyu wangu ni Maibel."

"Marahaba. Yan wa wapi?"

"Wa Anselmo. Nilizaliwa miezi mitano baada ya yeye kuondoka."

Doña Eneida alinyoosha mguu wake vizuri, akauweka juu ya kigoda.

Odalina alieleza akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa ameshaeleza mara nyingi kwenye madirisha ya ofisi na mazoea yalikuwa yamebaki. Ofisi ya usajili ilikuwa imeshika cheti chake cha kuzaliwa. Walisema baba yake alikuwa mgeni, mtu wa kupita, kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo yeye ni mgeni, na Maibel ni mgeni, ingawa wote wawili hawajawahi kuuona huo mpaka. Bila cheti Maibel hataandikishwa mtihani wa darasa la nane. Daftari la kambi, walimoandikwa watoto wote waliozaliwa Palma Sola, lililiwa na mchwa. Lakini mzee mmoja wa kambini alikumbuka kwamba kabla ya fainali, kipaza sauti cha uwanjani kilitaja kila mchezaji na mahali alipozaliwa.

"Karani amesema akisikia, ataandika. Ameangalia kanuni. Hakuna mahali palipokataza goti."

"Mtihani ni lini?" Nurys aliuliza.

"Orodha inafungwa Ijumaa."

Watu wote wakamtazama doña Eneida. Alisema goti halikunjiki mpaka huko. Odalina akasema ahsante, akarudi Jumanne. Jumanne doña Eneida alisema amelichua, lakini bado. Jumatano Odalina alikuja na mafuta ya nyonyo aliyoyachemsha mwenyewe, akapiga magoti kwenye saruji na kuanza kulisugua goti taratibu, kwa vidole vilivyojua kazi, huku Maibel akifanya hesabu zake kwenye ngazi ya mlango.

"Mwanangu," doña Eneida alisema, "kwenye mechi hiyo kuna vitu."

"Kuna jina la baba yangu, doña. Vingine sina haja navyo."

"Kelele za mashabiki. Unajua watu wakiwa wengi."

"Nimeuza maembe sokoni tangu nina miaka minane. Kelele nazijua." Akaendelea kusugua. "Sijawahi kuisikia sauti yake. Mama alikuwa anaiga anavyoongea, lakini mama alikuwa na sauti nyembamba. Haikufanana na ya mwanaume yeyote."

Doña Eneida alifungua kinywa aseme. Maneno aliyokuwa nayo aliyapima yote, na hakuna hata moja lililokuwa dogo kiasi cha kupita. Akasema, "Mwite karani kesho."

Karani Olivares alifika Alhamisi saa nane unusu. Alikuwa kijana mwenye adabu, amebeba fomu, mhuri na leso ya kupangusia jasho. Nurys alimpa kahawa. Alikuta viti ishirini na sita uani. Habari zilikuwa zimeenea. Don Tancredo alikuwa amevaa kofia ya timu.

Doña Eneida alifunga kitambaa kwenye kifundo cha mguu, akakivuta kwa mikono miwili mpaka kisigino kikagusa paja. Goti likalia kama mlango wa zamani, kisha uwanja ukafunguka.

Kipaza sauti kilitaja wa kwanza, wa pili. Kikasema: "Kituo cha tatu, namba kumi na nne, mzaliwa wa Palma Sola, mtoto wetu wa hapa hapa, Anselmo Yan," na watu elfu nane wakapiga makofi kutoka ndani ya goti.

"Umeandika?" Odalina aliuliza.

"Nimeandika," karani akasema, akamwonyesha.

Odalina alikaa. Alikuwa hajakaa tangu Jumatatu. Maibel akaweka kidevu begani kwa mama yake, na zamu zikaenda. Zamu ya pili Anselmo alidaka mpira wa chini uliokuwa umekwisha kumpita. Walisikia vumbi, glovu, pumzi, na mpira ukifika kituo cha kwanza, na don Tancredo akafumba macho kama mtu anayekunywa supu. Zamu ya nne alipiga mpira ukagonga ukuta. Sauti ya Tarumbeta ilimwimbia jina lake, silabi moja moja, kwa mapenzi, na watu waliokuwa uani wakamgeukia doña Eneida na kutabasamu. Alikuwa anatazama bakuli tupu lililokuwa karibu na mlango. Alilitazama zamu ya tano yote na zamu ya sita yote.

Zamu ya saba, Yangeyange wakiongoza kwa pointi mbili, mpira mwepesi uliviringika kuelekea kituo cha tatu, ukapita katikati ya miguu ya Anselmo Yan. Wageni wakapata moja. Uwanja ukanung'unika, kisha ukapoa. Katika utulivu huo sauti ya mwanamke ikasema, wazi kabisa:

"Karatasi! Muulizeni karatasi zake!"

Karibu naye watu wawili watatu walicheka. Walicheka vizuri, kama watu waliofurahishwa, na ilisikika jinsi sauti ile ilivyopenda kuchekewa, kwa sababu ilirudia kwa nguvu zaidi na kuitia mdundo. Safu ya tatu ikapokea. Jukwaa likapokea. Watu elfu nane wakaimba karatasi, karatasi, wakipiga miguu.

Uani, midomo ya don Tancredo ilicheza kidogo ikifuata mdundo, mpaka alipoitambua akaifunika kwa kofia. Nurys alitazama ndala zake. Hakuna aliyemtazama doña Eneida, na hiyo ilikuwa heshima yao kwake. Odalina alimwambia Maibel akae wima.

Kisha, karibu sana, mwanaume mwenye pumzi fupi alisema kwa sauti ya chini, nzito, isiyo na hasira:

"Doña, mimi ni wa hapa. Unanijua. Mama yangu ndiye anayekufulia mashuka."

Pumzi moja ikapita.

"Basi mwambie azifue na hizo karatasi azianike tuzione," ilisema sauti ya Tarumbeta, na jukwaa likaangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku hiyo.

Kwenye safu ya tano walikuwapo watu wawili wa uhamiaji. Walikuwa wamekuja na tiketi za bure, hawakuwa kazini. Goti lilitoa maganda yao ya karanga yakidondoka, na mmoja akimwambia mwenzake, "Wanatutazama sisi sasa." Mwenzake akasema itakuwa aibu kukaa tu. Wakapangusa mikono kwenye suruali, na viatu vyao vikashuka ngazi. Mapumziko ya zamu ya saba yalikuwa marefu kidogo. Nyuma ya jukwaa gari kubwa liliwashwa. Kipaza sauti kikasema: "Mabadiliko. Kituo cha tatu sasa, namba ishirini na mbili," na watu wakampigia makofi namba ishirini na mbili.

Zilibaki zamu mbili, na goti halikunyooka. Watu wote walikaa wakazisikiliza, kwa sababu kuondoka kungekuwa kusema neno. Yangeyange walichukua ubingwa. Ndani ya goti Tarumbeta aliimba, akapanda juu ya kiti, akacheza. Zilisikika mbao zikilia chini ya visigino vyake.

Kulipotulia majirani walibeba viti vyao mmoja mmoja wakiaga kwa sauti ya kanisani. Karani alibaki na fomu juu ya paja.

"Sauti ile ni ya nani?"

"Yangu," doña Eneida alisema.

"Umri wako wakati huo?"

"Thelathini na miwili."

"Mwenye akili timamu?"

"Ndiyo."

"Ulimfahamu?"

"Mama yake alinifulia miaka sita. Alizaliwa Palma Sola. Kila mtu alijua alizaliwa Palma Sola."

"Lakini karatasi zake hukuwahi kuziona."

"Sikuwahi kuona za mtu yeyote. Nani anakwenda uwanjani kutazama karatasi?"

"Hukuwahi kuziona," karani aliandika.

"Nilikuwa natania, kijana."

Karani alisoma fomu upande wa mbele, akaigeuza akasoma wa nyuma. "Hakuna mahali pa utani," alisema, na ilionekana angependa pawepo.

"Yule mtangazaji je? Si umemsikia? Mzaliwa wa Palma Sola."

"Mtangazaji alifariki, hawezi kutia sahihi. Wewe upo. Kwa hiyo shahidi ni wewe."

"Basi mimi shahidi nasema sasa: alizaliwa hapa."

"Hayo unayasema leo, doña, miaka thelathini na minne imepita. Goti linasema ya siku yenyewe. Kanuni zinapendelea ushahidi ulio karibu na tukio." Akapangusa shingo kwa leso. "Na siku yenyewe, mkazi mzima wa mji huu, anayemfahamu, alimtaka karatasi mbele ya umma, na yeye hakuzitoa. Siwezi kuandika kwamba sikusikia."

"Alikuwa amevaa nguo za mchezo," Odalina alisema. "Angezitoa wapi?"

Karani aliandika na hilo pia, pembeni, kwa herufi ndogo. Kisha akaeleza kwamba pasipo sahihi ya shahidi jalada zima litafungwa, na Odalina atalazimika kuanza upya na dirisha la kwanza. Akatoa kalamu. Doña Eneida hakuipokea.

"Tia sahihi, doña," Odalina alisema. "Nimechoka na lile dirisha la kwanza."

Alitia. Mkono wake, uliozoea kushona vifungo vya watu, uliandika jina zima. Karani akagonga mhuri, akashukuru kwa kahawa.

Orodha ya mtihani ilifungwa Ijumaa bila jina la Maibel. Ofisi iliingiza goti kwenye kumbukumbu zake kama chanzo kinachoaminika, na mwezi uliofuata watu wengine wawili wa Boca Mansa waliandikiwa barua za kutakiwa karatasi kwa sababu ya kitu kilichosikika katika mechi ya mwaka wa themanini na tatu. Majirani waliacha kuja kwa wiki mbili, kisha wakarudi. Walipenda sana besiboli. Waliomba miaka ya tisini, nayo walipewa. Don Tancredo aliiacha kofia nyumbani.

Jumapili ya kwanza ya Machi, kabla majirani hawajafika, Odalina alisimama mlangoni, bila bahasha, bila Maibel.

Doña Eneida alikuwa ameandaa maneno. Alikuwa ameyaandaa siku ishirini na tatu, akiosha vyombo, akishona, akisali. Alianza, "Mwanangu, mimi..."

"Nimekuja kumsikia," Odalina alisema. Akajivutia kiti.

Tangu hapo huja kila Jumapili. Haleti kitu, na akipewa kahawa huinywa. Doña Eneida hufunga kitambaa kwenye kifundo na kuvuta. Wanasikiliza pamoja jina la Palma Sola kwenye kipaza sauti, mpira wa zamu ya pili, mpira uliogonga ukuta. Kuhusu mchezo huongea kidogo. "Alikuwa na miguu myepesi," doña Eneida husema, na Odalina huuliza kama alikuwa mrefu. Zamu ya saba Odalina huinama mbele, mikono katikati ya magoti, na kuuacha wimbo wa karatasi upite juu yake kama mtu anayengoja lori lipite ili avuke, kwa sababu sauti ya baba yake iko ng'ambo ya hapo na hakuna njia nyingine ya kuifikia.

*Doña, mimi ni wa hapa. Unanijua. Mama yangu ndiye anayekufulia mashuka.*

Halafu kuna ile pumzi moja. Ndani ya pumzi hiyo Odalina huinuka na kuburuta kiti chake juu ya saruji mpaka ukutani, kwa kelele, taratibu, muda unaotosha jibu lote kupita bila kusikika. Anajua sasa ni urefu gani hasa. Kisha husema, "Haya doña, mpaka Jumapili," na kufunga geti.

Doña Eneida hubaki na mguu wake uliokunjwa. Siku za mwanzo alilifunika goti kwa viganja, kwa shali, kwa mto. Sauti ilitoka vilevile. Siku hizi huiacha. Hukaa uani peke yake zamu mbili zilizobaki, na kumsikiliza mwanamke wa miaka thelathini na miwili aliyepanda juu ya kiti anaimba. Ni sauti nzuri, haina mkwaruzo hata mmoja. Ina furaha tupu.